Kuku wawili, mmoja ameatamia: namna ya kumtunza yeye na mwenzake

Asubuhi unafungua banda, mtetea mmoja anatoka mbio kama kawaida yake, wa pili hatoki. Unachungulia ndani na kumkuta kiotani, ametuna manyoya mpaka amekuwa mara mbili ya umbo lake, mkia ameutandaza. Ukinyoosha mkono anakoroma na kukudonoa. Huyo ameanza kuatamia.

Mwenye kuku 30 hana wasiwasi na jambo hilo, kwa sababu 29 waliobaki wanaendelea na maisha yao. Sisi tunaofuga wawili watatu uani tuna shida ya namna nyingine: nusu ya kundi imeacha kutaga, na nusu ya pili imebaki peke yake. Maelekezo mengi yatakwambia habari za mayai, joto na siku 21, kisha yataongeza neno moja tu, "mtenge anayeatamia." Yule wa pili hatajwi kabisa.

Mimi nafugia Kihonda, Morogoro, kwenye banda dogo lililoegemea ukuta wa jiko. Nina Kishingo, kuku wa kienyeji mwenye shingo isiyo na manyoya, ambaye huatamia kila akimaliza mayai yake, na Madoa, chotara anayetaga vizuri lakini hajawahi kukaa juu ya mayai. Kwa wawili hawa nimejifunza kwamba uatamiaji ukiharibika katika kundi dogo, chanzo mara nyingi ni mwenzake. Methali yetu inasema kuku havunji yaile, yaani yai lake, na ni kweli havunji. Linavunjwa na mwenzake anayepanda kiota kilekile kutaga juu ya mgongo wake.

Hatua ya kwanza: hakikisha anaatamia kweli

Kuku anaweza kukaa kiotani saa mbili akisubiri yai litoke, na mgonjwa naye hujikunyata pembeni. Usiharakishe, subiri usiku. Kuku anayetaga hupanda kwenye fito kulala jua likizama, lakini anayeatamia hubaki kiotani gizani. Akibaki usiku wa pili mfululizo, amekusudia.

Ingiza kiganja polepole chini ya kifua chake. Utakuta joto kali na ngozi tupu, maana hujinyonyoa manyoya hapo ili ngozi iguse mayai moja kwa moja. Sauti yake pia hubadilika, anaanza ile "kok, kok, kok" nzito ya kuku mwenye vifaranga hata kama hajapata hata kimoja. Akitoka mara moja kwa siku utaona ameacha bonge kubwa la kinyesi lenye harufu mbaya sana. Hilo lisikutishe, amelizuia saa nyingi ili asichafue kiota. Mgonjwa utamjua kwa kufumba macho, kukosa nguvu hata ya kukudonoa, na kuharisha kijani. Ukiona hayo usiwaze vifaranga, mwite afisa mifugo.

Hatua ya pili: amua kama ataatamia au utamwachisha

Uamuzi huu ufanye ndani ya siku mbili tatu. Kumwacha anakaa juu ya kiota kitupu wiki nzima huku ukifikiri ni kumkondesha bure.

Jiulize kama unaye jogoo, au kama jirani mwenye jogoo anaweza kukupa mayai, maana mayai ya kuku asiyepandwa hayataanguliwa hata akae miezi miwili. Jiulize pia kama una chakula cha vifaranga cha wiki 8 na mahali pa kuwaficha na mwewe. Halafu mtazame yule wa pili. Akiwa chotara kama Madoa wangu, ataendelea kutaga na mayai ya kula nyumbani hayatakatika. Akiwa wa kienyeji, jiandae: kuona kiota chenye mayai na mwenzake aliyetulia juu yake mara nyingi humvuta naye. Unaweza kujikuta na wawili wanaoatamia na yai la chai hakuna.

Ukiamua kumwachisha, usimchovye kwenye ndoo ya maji wala usimfunge mguu siku nzima juani. Najua wengi wamelelewa wakiona hivyo, na wapo watakaokwambia inafanya kazi. Mimi nasema inamtesa, na akishakauka hurudi kiotani. Kinachomshikilia pale ni homoni iitwayo prolaktini, ambayo hubaki juu kadiri kifua chake kinavyoendelea kugusa kiota chenye joto. Basi ondoa joto. Mweke kwenye tundu lenye sakafu ya wavu au ya fito zilizoachana kidogo, liinuliwe kutoka chini hewa ipite tumboni mwake, bila nyasi wala gunia. Mpe chakula na maji kama kawaida, na tundu lenyewe liwe ndani ya banda au karibu na mahali mwenzake anapochakura, waonane. Siku 3 au 4 zinatosha kwa kuku wengi. Mtoe jioni umtazame: akipanda fito na mwenzake, yamekwisha. Akienda moja kwa moja kiotani, mrudishe siku 2 zaidi. Usitarajie yai kesho yake, huchukua wiki mbili au tatu kurudi kutaga.

Yanayofuata ni kwa aliyeamua kumwacha aatamie.

Hatua ya tatu: mpe chumba chake ndani ya banda hilohilo

Hapa ndipo nilipokosea, na nikapoteza kifaranga.

Mara ya kwanza Kishingo alipoatamia nilifuata lile neno "mtenge" kwa herufi zake. Nilimhamishia stoo ya nyuma ya nyumba, mlango nikafunga, wiki tatu hakuonana na Madoa. Alitotoa vifaranga 8. Siku ya nne nikamrudisha bandani na watoto wake, nikidhani anarudi nyumbani. Madoa alisimama, akanyoosha shingo, manyoya ya shingo yakasimama wima. Kwake huyu alikuwa kuku mgeni, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Walirukiana kifua kwa kifua, mama akawa anapigana na kuita watoto kwa wakati mmoja, na vifaranga wakawa wanakimbilia miguuni palepale penye ugomvi. Kimoja kilidonolewa kichwani. Nilikiokota, nikakiweka kwenye kitambaa karibu na jiko, na alasiri kikafa.

Kuku huishi kwa kujua nani yuko juu na nani yuko chini. Wakiwa wawili tu wanajuana sana, na wakitengana wasionane siku nyingi ule mpangilio unapotea, unaanzwa upya kwa midomo na kucha. Kwa hiyo watenganishe wasigusane ukiwa haupo, lakini waendelee kuonana na kusikiana kila siku.

Kata kona moja ya banda kwa wavu wa nusu inchi. Kona ya mita 1 kwa mita 1 yatosha kuku mmoja, kiota chake, na sehemu ya kula na kujisaidia. Usitumie wavu wenye matundu makubwa ya inchi mbili, kwani vifaranga watapenya kwenda kwa mwenzake na wewe utakuwa kazini. Weka mlango unaofungika kwa waya au komeo. Ndani ya kona, kiota kikae upande wa mbali, na mbele yake ning'iniza kipande cha gunia ili pawe na giza na faragha. Chakula na maji yake viwe karibu na wavu, na upande wa pili wa wavu, palepale, weka chakula cha mwenzake. Hivyo akitoka kula wanakula wakitazamana. Hii ya vyombo viwili vilivyokaribiana ndiyo imenisaidia kuliko kitu kingine chochote.

Kiota chaweza kuwa karai kuukuu, tenga, au boksi la mbao la sentimita 35 hadi 40 kila upande. Chini tandaza udongo mkavu au mchanga, ubonyeze katikati kama bakuli ili mayai yasisambae pembeni. Juu ya udongo nyunyiza majivu ya kuni yaliyopoa, ndipo uweke nyasi kavu. Majivu ni kwa ajili ya utitiri. Kuku anayeatamia hakogi vumbi mara kwa mara kama wenzake, na utitiri ukimshinda ataacha mayai siku ya 15 na hutajua kwa nini.

Kumhamisha, mhamishe usiku. Weka mayai bandia kwenye kiota kipya kwanza, au mayai mawili ya kawaida ambayo hujali yakiharibika. Zima taa, tumia mwanga hafifu wa simu, mbebe kwa mikono miwili ukizuia mabawa, mshushe taratibu na umfunike na gunia la mlangoni. Usizungumze. Asubuhi atakuwa ametulia mahali papya. Ukimhamisha mchana atakimbilia alikotoka hata mara kumi.

Mpe siku mbili kwenye hayo mayai ya majaribio. Akitulia, ndipo uweke ya kutotoa.

Hatua ya nne: sasa mtazame mwenzake

Siku za mwanzo atakusumbua moyo. Madoa alikuwa akizunguka wavu tangu asubuhi, akilia sauti ndefu ya kuita, halafu anasimama anasikiliza. Kuku hakuumbwa kukaa peke yake. Akiwa uani bila mwenzake hana wa kumwonya mwewe anapopita, kwa hiyo anakuwa mwoga, halafu hali vizuri na anapunguza kutaga. Ndiyo maana nasisitiza wavu badala ya chumba cha mbali. Kwa kumsikia tu yule wa ndani akikoroma anatulia.

Mpe kiota chake mwenyewe, na kiwe tayari kabla hujafunga kona. Kuku wana tabia ya kupenda kiota kimoja hata ukiwawekea vitano, na kile alichokaa mwenzake ndicho wanachokitaka. Weka yai bandia ndani ya kiota kipya ili aone kwamba hapa nako hutagwa. Yai la mbao linafaa, na hata jiwe laini lenye umbo la yai nimeliona likifanya kazi. Siku mbili tatu atasimama kwenye wavu akitetea kwa hasira kwa sababu amezuiwa kwenda kwenye kiota cha zamani. Usimfungulie mlango kwa huruma. Ukimfungulia atapanda juu ya mwenzake na kutaga humo. Hapo umepata hasara mara mbili: mayai mengine yatapasuka chini ya miguu yao, na hilo jipya litakuwa nyuma ya wenzake siku kadhaa. Vifaranga wa kwanza wakitoka, mama ataondoka nao, na lile la nyuma litapoa na kufa likiwa na kifaranga karibu kamili ndani. Inaumiza kulipasua na kumwona.

Okota yai la mwenzake kila siku, mapema, hasa kama naye ni wa kienyeji. Yakirundikana 8 au 10 mbele yake naye atakaa. Mtoe nje mchana achakure, mrushie wachache wa mchwa au majani ya mchicha ili awe na kazi. Na usiku asilale nje ya banda kwa kisingizio kwamba mwenzake hayupo kwenye fito. Kuku mmoja juu ya mti ni rahisi kwa kicheche.

Ikiwa wote wawili wameatamia licha ya juhudi zako, usikate tamaa, hiyo yaweza kuwa faida. Muache wa kwanza kwenye mayai bandia mpaka wa pili naye atulie kwenye kiota chake, kisha uwape mayai ya kutotoa usiku mmoja. Watatotoa pamoja baada ya siku 21. Usiku huo wa kutotoa unaweza kumpa vifaranga wote mama mmoja aliye mtulivu zaidi, naye atalea hata 20 bila shida kama kuna joto la kutosha na hakuna mvua. Yule mwingine unamwachisha kwa njia niliyoeleza juu, arudi kutaga. Wafugaji wa kienyeji wenye kuku wengi hufanya hivyo hivyo, na kwa wenye wawili inafaa zaidi, maana hukosi mayai ya nyumbani miezi mitatu.

Hatua ya tano: mayai

Chagua yaliyotagwa ndani ya siku 7, ya ukubwa wa wastani, yenye ganda gumu lililo sawasawa, lisilo na ufa. Usiyaoshe. Yahifadhi mahali penye ubaridi wa kivuli, ncha iliyochongoka ikitazama chini, na yasiwe yametoka kwenye friji. Kuku wa kienyeji wa kawaida anafunika mayai 10 hadi 12 vizuri, na mdogo mpe 8. Jaribu hivi: akikaa, mayai yote yapotee chini yake. Ukiona hata moja pembeni, punguza. Kila siku hubadilisha yai la pembeni na la katikati, kwa hiyo moja la ziada halipoi peke yake, litayapitishia baridi yote kwa zamu.

Weka alama kila yai kwa penseli au mkaa, mstari kuzunguka yai lote ili uuone bila kumwinua kuku sana. Yaingize yote kwa pamoja usiku, uandike tarehe ukutani. Yai lolote lisilo na mstari utakalolikuta baadaye ni la mwenzake, toa.

Hatua ya sita: siku 21

Kazi yako hapa ni ndogo, lakini usiikose siku hata moja.

Maji na nafaka viwepo muda wote: mtama, chenga za mchele au mahindi yaliyoparazwa. Atakula kidogo na atakonda, hiyo ni kawaida. Anatakiwa kutoka mara moja kwa siku, dakika 15 hadi 30. Kama hukumwona ametoka wala kinyesi hukioni, mnyanyue wewe mwenyewe asubuhi. Ingiza mikono chini ya mabawa kwanza uhakikishe hakuna yai alilolibana kwapani, kisha umweke karibu na chakula.

Dakika hizo anapotoka ndizo za kumkutanisha na mwenzake. Tangu wiki ya kwanza mimi hufungua mlango wa wavu jioni nikiwa hapohapo na ufagio mkononi. Kishingo hutoka amevimba, anakula haraka, anajitupa vumbini kuoga. Madoa humfuata, hudonoa karibu naye, mara nyingine hujitupa vumbini ubavuni pake. Wakianza kutishana nasogeza ufagio katikati, basi. Baada ya nusu saa Kishingo anarudi mwenyewe na mimi nafunga. Nimesimama mlangoni muda huo wote, kwa sababu mwenzake akitangulia kuingia atakaa kwenye mayai yenye joto na kuanza kutaga.

Siku ya 7 usiku, pima mayai kwa mwanga. Choma tundu dogo kwenye kipande cha boksi, weka tochi ya simu nyuma yake, yai mbele ya tundu. Lenye uhai litaonyesha mishipa myembamba myekundu inayosambaa kutoka kwenye doa jeusi. Lisilo na kitu ni angavu tupu. Rudia siku ya 14, ambapo yai zima litakuwa jeusi isipokuwa nafasi ya hewa upande wa juu. Yaliyobaki angavu, na yenye harufu au jasho, toa. Yai viza likipasuka kiotani huchafua yote. Ikitokea limepasuka, badilisha nyasi zote jioni hiyohiyo, na mayai yaliyochafuka yafute taratibu kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu.

Siafu na sisimizi wachukulie kwa uzito. Msimu wa mvua siafu wakiingia bandani usiku, kuku anayeatamia hakimbii haraka, huliwa akiwa juu ya mayai. Kama kiota kiko juu ya kichanja, simamisha miguu ya kichanja ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari. Kama kiko chini, mwaga majivu mengi kuzunguka kona na ukague kila jioni.

Tangu siku ya 18 acha kupima, acha kumnyanyua, acha mlango umefungwa hata kwa mwenzake. Utasikia vifaranga wakilia ndani ya mayai na mama akiwajibu. Siku ya 21 wengi hutoka. Usiwasaidie kubandua ganda. Kifaranga aliyetoka hustahimili hata siku mbili bila kula kwa sababu ya kiini alichokimeza tumboni, kwa hiyo usimsumbue mama kwa chakula siku hiyo. Mayai yaliyobaki siku ya 23 bila sauti, yaondoe.

Hatua ya saba: vifaranga na mwenzake

Siku 10 za kwanza, mama na watoto wabaki upande wao wa wavu. Vifaranga wataona kuku mwingine kila siku, na mwenzake atawazoea wakiwa vitu vidogo vinavyokimbia ng'ambo ya wavu, ambavyo si vya kuwindwa. Maji wape kwenye sahani isiyo na kina, iliyojazwa kokoto, wasizame.

Chakula kina tatizo lake. Chakula cha kutagia kina chokaa nyingi, na figo za vifaranga haziwezi kuihimili. Kwa hiyo watakapochanganyika, wape wote chakula cha vifaranga, na mwenzake anayetaga mwekee maganda ya mayai yaliyosagwa au ya konokono kwenye chombo kilichoinuliwa, juu ya urefu wa vifaranga. Atakula mwenyewe anapohitaji.

Wiki ya pili, fungua mlango jioni wakutane nje uani, si ndani ya banda. Uani pana nafasi ya kukimbia. Chagua siku ambayo upo nyumbani. Usimzuie mama akimfukuza mwenzake mara mbili tatu, ndiyo haki yake sasa, na kuku mwenye vifaranga hupanda cheo hata kama zamani alikuwa chini. Unachokitafuta ni mwenzake kusogea pembeni na kuendelea kuchakura. Lakini ukimwona mwenzake anafuata kifaranga kwa makusudi, shingo imenyooka, anadonoa kichwani au mkiani, mtoe mara moja na uahirishe siku 3. Wapo wasiozoea kabisa. Kama majaribio matatu yameshindikana, waache upande kwa upande mpaka vifaranga wawe na manyoya ya kutosha na mbio za kutosha, wiki ya 5 au ya 6. Ndani ya banda wakutanishe mwisho kabisa, na uache pembe yenye tundu dogo la chini, kifaranga apite na kuku mkubwa asipite.

Chanjo ya mdondo (kideri) ya matone ya jicho, ile iitwayo I-2, wape vifaranga ndani ya wiki ya kwanza, rudia wiki ya tatu au ya nne, kisha kila baada ya miezi 3. Siku utakayowachanja vifaranga mchanje na mwenzake, tone moja jicho moja, wala usimruke kwa sababu anaonekana mzima. Kichupa kinatosheleza kuku wengi na kikishafunguliwa hakikai, kwa hiyo panga na majirani mchange. Kuku 2 wa kwako na 10 wa jirani wanaovuka ua ni kundi moja machoni pa mdondo.

Kati ya wiki ya 6 na ya 8 mama ataanza kuwadonoa watoto wanaomfuata kwenye chakula, na jioni moja utamkuta amepanda fito, ubavuni pa mwenzake, vifaranga wamelundikana chini. Usiku huo ondoa gunia, toa nyasi za zamani uzichome, piga majivu kona yote na uache mlango wa wavu wazi. Wavu wenyewe usiung'oe. Yai lake la kwanza halitakawia sana, na ukianza kuhesabu kutoka hapo, kwenye yai la 10 uwe na nyasi mpya tayari.